Mawasiliano Mlimani: Mwongozo kwa Wanaotembea na Marafiki na Mbwa Mahali Pasipo na Mnara

Kutembea milimani kumekuwa burudani ya Watanzania wengi, hasa wakazi wa mijini ambao mwisho wa juma hukusanyika wanne au watano, hubeba chakula na maji, na kwenda kutwa nzima au siku mbili juu ya mgongo wa mlima. Wapo wanaofuatana na mbwa wao. Karibu wote huondoka wakiamini kwamba simu iliyo mfukoni itawatoa katika shida yoyote. Imani hiyo ina msingi mjini, lakini mlimani haina.

Makala hii inaeleza jinsi simu, redio na vifaa vya kumfuatilia mnyama vinavyofanya kazi mbali na makazi ya watu, ni nini unachoweza kumdai mtoa huduma au muuzaji, na ni nini usichoweza kumdai mtu yeyote kwa sababu maumbile ya nchi hayaruhusu. Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia mfano mmoja: marafiki wanne na mbwa mmoja wanaotembea katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Uluguru ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki na ni chanzo cha maji ya Mto Ruvu, unaolinywesha jiji la Dar es Salaam. Kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100, kinautazama mji wa Morogoro kwa karibu. Upande wa kusini, Kimhandu hupita mita 2,600. Msitu wa juu ni mzito, ukungu hushuka bila taarifa, na upande wa mashariki unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi hupata mvua nyingi kuliko ule wa magharibi. Mtu anaweza kuwa anaona taa za mji na wakati huohuo asiweze kupiga simu. Tuanze na sababu ya jambo hilo.

KWA NINI SIMU HUNYAMAZA MLIMANI

Sababu ya kwanza ni kwamba minara hujengwa walipo watu. Mtoa huduma huweka mnara mahali ambapo wateja watailipa gharama ya kuujenga na kuuendesha. Vijiji visivyovutia kibiashara husaidiwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, lakini Mfuko huo nao unalenga makazi ya watu. Msitu wa hifadhi hauna makazi, kwa hiyo hauna mnara.

Sababu ya pili ni mwelekeo wa antena. Antena za mnara hazirushi mawimbi sawasawa pande zote mithili ya balbu. Kwa kawaida huinamishwa kidogo kuelekea chini, zilipo nyumba na barabara. Mtu aliye juu ya mlima anaweza kuwa karibu na mnara kwa kipimo cha ramani, na bado akawa juu ya njia kuu ya mawimbi yake.

Sababu ya tatu ni kivuli. Mawimbi ya simu hayapiti ndani ya mlima. Ukivuka mgongo na kushuka mita 50 tu upande wa pili, mlima wote unasimama kati yako na mnara. Ndiyo maana mtandao hupatikana kileleni, ukapotea kwenye korongo, kisha ukarudi mara moja mnapopanda tena.

Sababu ya nne ndiyo inayowachanganya wengi: simu inaonyesha alama za mtandao, lakini haipigi. Alama zile hupima jinsi simu inavyousikia mnara, si jinsi mnara unavyoisikia simu. Mnara hurusha kwa makumi ya wati, ilhali simu ya kizazi cha nne hurusha kwa takriban moja ya tano ya wati. Juu ya mgongo ulio wazi simu husikia minara ya mbali sana, lakini jibu lake haliifikii. Aidha, katika mfumo wa GSM wa kizazi cha pili, mnara wa kawaida hauwezi kumhudumia mtu aliye zaidi ya kilometa 35, hata kama mawimbi yake yanafika kwa nguvu, kwa kuwa muda wa safari ya mawimbi kwenda na kurudi unapita kipimo cha mfumo.

Tunaongeza tahadhari moja. Baadhi ya vilele huwa na milingoti ya mawasiliano, na wapandaji hudhani kwamba wakikaa chini ya mlingoti mtandao ni wa uhakika. Si kila mlingoti huhudumia simu. Mwingine ni wa redio au televisheni. Mwingine hubeba masahani yanayopitisha mawasiliano kutoka kilima kimoja hadi kingine bila kuzungumza na simu yoyote iliyo chini yake.

NAMNA YA KUSOMA MATANGAZO NA RAMANI ZA HUDUMA

Mtoa huduma anapotangaza kwamba huduma yake inawafikia asilimia kadhaa ya Watanzania, anazungumzia watu, si eneo. Watu wanakaa kwa kusongamana, na ardhi ni pana. Asilimia kubwa ya watu inaweza kufikiwa huku sehemu kubwa ya nchi ikiwa kimya. Tangazo la namna hiyo si la uongo. Hata hivyo, halikuambii lolote kuhusu mgongo wa mlima usiokaliwa na mtu.

Ramani za huduma nazo hutokana na mahesabu ya kompyuta, na kwa kawaida huchukulia kwamba mtumiaji yuko nje, mahali pa wazi. Hazimfuati mtu ndani ya kila korongo. Tumia ramani hizo kulinganisha watoa huduma, kisha waulize wenyeji. Mkulima wa Mgeta au Kinole anajua ni kwenye jiwe gani simu hushika na ni laini ipi inayoshika. Kwa marafiki wanne, jambo la busara ni kuwa na laini za watoa huduma tofauti. Wanne wenye mtandao mmoja wana nafasi moja tu ya kupata huduma. Wakigawana mitandao mitatu, wana nafasi tatu.

Jambo jingine la fedha: kifurushi kina muda wake. Kifurushi cha siku tatu kilichonunuliwa Ijumaa huendelea kuhesabu saa hata simu isipoona mnara mpaka Jumapili. Soma masharti kabla ya kununua, na acha salio la kawaida la kutosha simu chache, kwa kuwa hutaweza kuongeza salio mahali pasipo na mtandao.

BETRI NI AKIBA YA USALAMA

Simu inayotafuta mtandao usiopatikana hula betri kwa haraka kuliko simu iliyotulia mjini, kwa sababu huongeza nguvu na kurudia kutafuta. Baridi nayo hupunguza uwezo wa betri. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo kileleni mwa Lupanga pana tofauti ya karibu nyuzi 10 na mjini Morogoro.

Tunashauri hivi. Mnapoingia mahali pasipo na mtandao, wekeni simu zote katika hali ya ndege. Washeni simu moja kwa zamu, mkiwa sehemu ya juu na ya wazi, kwa dakika chache, kisha zimeni. Bebeni simu ndani ya nguo, karibu na mwili. Simu moja iteuliwe kuwa ya dharura. Isipige picha wala muziki, na ishuke mlimani ikiwa na betri zaidi ya nusu. Pawabanki ijaribiwe nyumbani, kwani uwezo ulioandikwa kwenye boksi si lazima uwe uwezo halisi.

GPS HAIHITAJI MTANDAO, LAKINI INAHITAJI MAANDALIZI

Watu wengi hudhani kwamba GPS hula bando. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa umbali wa takriban kilometa 20,200 na kurusha ishara bila malipo. Simu huzipokea tu, haijibu. Kwa hiyo simu iliyo katika hali ya ndege, na hata isiyo na laini, inaweza kukuonyesha mahali ulipo, maadamu GPS yake imewashwa. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani. Pakua ramani ya eneo lote ukiwa nyumbani, kisha zima data na uhakikishe kwamba inafunguka.

Jua pia kwamba bila mtandao simu huchukua muda mrefu zaidi kujipata kwa mara ya kwanza. Mjini husaidiwa na taarifa zinazopitia intaneti. Mlimani hulazimika kuzisoma taarifa hizo kutoka kwa setilaiti zenyewe. Simama mahali pa wazi na usubiri dakika kadhaa. Chini ya miti mizito au ndani ya korongo jembamba, usahihi hupungua.

Namba za mahali zinastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa kosa dogo linaweza kuwapeleka waokoaji nchi nyingine. Kilele cha Lupanga kiko karibu na latitudo -6.87 na longitudo 37.71. Alama ya kutoa iliyo mbele ya 6 inamaanisha kusini mwa ikweta. Ukiisahau, namba zilezile zinaelekeza kusini mwa Ethiopia, zaidi ya kilometa 1,500 kaskazini mwa mahali ulipo. Tarakimu baada ya nukta nazo zina maana: mbili humweka mtafutaji ndani ya takriban kilometa 1, na nne humweka ndani ya takriban mita 11. Katika msitu wa mlima, kilometa 1 inaweza kuwa kazi ya siku nzima. Andika tarakimu nne.

SIMU YA DHARURA NA UJUMBE MFUPI

Namba ya dharura ni 112, na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Simu inapoonyesha maneno "simu za dharura pekee", maana yake ni kwamba mtandao wako haupo, lakini upo mtandao mwingine unaosikika. Viwango vya kimataifa vya simu vinaruhusu simu ya 112 kupita katika mtandao huo mwingine. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kuona jina la mtoa huduma wako limetoweka, piga 112. Ujumbe mfupi wa kawaida, hata hivyo, hautapita kwa njia hiyo. Usitegemee pia simu isiyo na laini ndani yake, kwa kuwa si kila nchi wala kila mtandao unaipokea.

Mtandao unapokuwa hafifu, ujumbe mfupi una nafasi kubwa kuliko simu ya sauti. Mazungumzo yanahitaji mawasiliano yasiyokatika kwa dakika nzima, ilhali ujumbe huhitaji sekunde chache. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, zikiwemo nafasi. Tumia herufi hizo vizuri. Mfano:

"Tupo wanne na mbwa. Mmoja amevunjika mguu, hawezi kutembea. Mahali: -6.8712, 37.7105. Saa 9:40 alasiri. Tutabaki hapa. Betri 30%."

Ujumbe huu una idadi ya watu, shida, mahali, saa, nia na hali ya betri, nao haujafika herufi 160. Baada ya kuutuma, angalia kama umeondoka kweli. Simu nyingi hazijaribu zenyewe mara ya pili ujumbe unaposhindwa. Na mkisema mtabaki, bakini. Mtu anayehama baada ya kutoa namba za mahali huwafanya waokoaji wamtafute mara mbili.

REDIO ZA MKONONI

Redio za mkononi huwasaidia marafiki kuwasiliana wao kwa wao bila mnara wowote. Zina faida, lakini kuna mambo mawili ambayo muuzaji huenda asikueleze.

La kwanza ni umbali. Boksi linaweza kudai kilometa 10 au zaidi. Umbali huo hupatikana pale tu ambapo watu wawili wanaonana waziwazi, mathalani mmoja akiwa kwenye kilele kimoja na mwenzake kwenye kingine. Redio ya nusu wati ndani ya msitu, mgongo wa mlima ukiwa katikati, inaweza kuishia mita mia chache.

La pili ni sheria. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, masafa ya redio hutumika kwa leseni, isipokuwa pale ambapo vifaa vya nguvu ndogo vimesamehewa. Redio iliyonunuliwa ng'ambo imepangwa kwa masafa ya nchi ile. Redio za familia za Marekani hutumia masafa ya megahezi 462 na 467. Zile za Ulaya hutumia megahezi 446. Masafa yaliyo huru kwa raia kule si lazima yawe huru hapa. Yanaweza kuwa yamegawiwa watumiaji wengine, pengine wa huduma za usalama. Anayeyatumia bila idhini huvunja sheria, na anaweza kuzuia mawasiliano ya mtu mwenye dharura kubwa kuliko yake. Kabla ya kununua, tuulize.

MBWA ANAPOPOTEA: KIFAA GANI KINAFANYA NINI

Kabla ya vifaa, ruhusa. Hifadhi za Taifa haziruhusu kuingia na mbwa. Misitu ya hifadhi, kama Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ina masharti yake. Ulizeni ofisi ya hifadhi kabla ya siku ya safari, na mkikataliwa, mbwa abaki nyumbani au mchague njia iliyo nje ya hifadhi. Mbwa awe amechanjwa kichaa cha mbwa, na kadi ya chanjo iwemo mfukoni, kwa maana njia nyingi hupita katikati ya vijiji.

Mbwa anayekimbiza mnyama wa mwituni anaweza kushuka korongo kwa dakika mbili na asisikie tena sauti ya mwenye mbwa. Hapo ndipo hatari ya binadamu huanza: marafiki hutawanyika kumtafuta, kila mmoja upande wake, jua likielekea kuzama. Wenye mbwa wengi hununua vifaa ili kuepuka hali hiyo, lakini hununua kisichofaa kwa sababu vyote huuzwa kwa jina moja la "kifaa cha kumtafuta mbwa". Viko vya aina nne, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni chipu inayowekwa chini ya ngozi. Hii si GPS. Haina betri, na hutoa namba ya tarakimu 15 pale tu inaposomwa na mashine iliyo sentimeta chache kutoka mwilini. Inathibitisha kwamba mbwa ni wako baada ya kupatikana, haimtafuti. Muuzaji anayekuambia kwamba chipu itakuonyesha mbwa wako kwenye ramani anakudanganya, na una haki ya kudai fedha zako.

Cha pili ni kitambulisho kidogo cha Bluetooth. Mawimbi yake hufika makumi ya mita. Mjini huonekana kufika mbali kwa sababu simu za wapita njia huipokea ishara na kuipeleka kwenye intaneti. Juu ya mgongo wa mlima hakuna wapita njia.

Cha tatu ni mkanda wa shingoni wenye GPS na laini ya simu. Mkanda huu hujua mahali mbwa alipo, lakini lazima utume taarifa hiyo kupitia mnara wa simu. Mbwa akiwa korongoni, ambako simu yako mwenyewe imenyamaza, mkanda nao umenyamaza. Utaona kwenye ramani alama ya mahali alipokuwa mara ya mwisho mtandao uliposhika, ambayo yaweza kuwa ya saa mbili zilizopita. Daima soma saa ya taarifa kabla ya kufuata alama. Mikanda mingi huja na ada ya kila mwezi inayokatwa kwa fedha za kigeni, na baadhi hutumia aina ya mtandao usiopatikana hapa nchini. Uliza mambo hayo mawili kabla ya kulipa, na upate jibu kwa maandishi.

Cha nne ni mkanda wa redio unaozungumza moja kwa moja na kifaa kilicho mkononi mwako, bila mnara. Huu ndio unaofaa zaidi milimani, na ndio wenye utata mkubwa zaidi wa kisheria. Mikanda iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hurusha katika masafa ya megahezi 151 hadi 154, ambayo nchini humo yameachwa kwa matumizi ya raia. Ruhusa hiyo haivuki mipaka pamoja na kifaa. Usiagize mkanda wa namna hii kabla ya kupata maelezo ya Mamlaka kuhusu masafa na uidhinishaji wake, la sivyo unaweza kuupoteza forodhani pamoja na fedha ulizolipa.

Kuna na njia za zamani zisizohitaji leseni. Kengele ndogo shingoni husikika msituni pale macho yasipoona. Kamba ndefu humzuia mbwa asiondoke kabisa, nasi tunaipendekeza kuliko kifaa chochote tulichotaja, hususan kwenye magenge na wakati wa ukungu. Na kibati cha shingoni kiandikwe namba ya simu ya mtu aliyebaki mjini, wala si yako. Mwanakijiji atakayempata mbwa wako huko Matombo atapiga namba hiyo siku hiyohiyo. Wakati huo simu yako itakuwa bado mlimani, haipatikani.

Mbwa akipotea, msitawanyike. Kaeni wawili wawili, wekeni saa ya kurudi mahali palepale, na andikeni namba za mahali hapo kabla ya kuondoka. Mbwa wengi hurudi mahali walipoachana na watu wao, iwapo watawakuta.

SIMU NA VIFAA VYA SETILAITI

Simu za setilaiti na vifaa vidogo vya kutuma ujumbe kwa setilaiti hufanya kazi bila mnara wa ardhini, mradi anga iwe wazi. Mtandao wa Iridium, kwa mfano, hutumia setilaiti 66 zinazozunguka kwa umbali wa takriban kilometa 780. Vifaa hivi huhitaji malipo ya huduma na idhini ya matumizi. Mgeni anayekuja navyo kutoka nje aulize kabla ya kusafiri. Baadhi ya simu za kisasa nazo hutangazwa kuwa na huduma ya dharura kwa setilaiti. Huduma hiyo hufanya kazi katika nchi zilizoorodheshwa na mtengenezaji pekee. Usilipe bei ya juu kwa ajili yake kabla ya kuiona Tanzania kwenye orodha.

MTU ALIYEBAKI MJINI

Mpango ulioachwa kwa mtu asiyepanda mlima ni wa bure, na ndio unaofidia upungufu wa vifaa vyote tulivyovieleza. Mwandikie majina ya wote, njia mtakayopita na mahali mtakapolala, namba za simu na mtandao wa kila mmoja, ofisi ya hifadhi iliyowapa kibali, jina la mwongozaji wenu, na saa mtakayotoa taarifa kwamba mmeshuka. Halafu mkubaliane jambo moja zaidi: saa ngapi, asiposikia kitu, apige 112 bila kusubiri na bila kuona haya. Bila saa hiyo, ndugu huendelea kusema "labda mtandao hauko" mpaka usiku unaingia. Nanyi mkishuka salama, toeni taarifa kabla ya kwenda kula.

HAKI ZAKO NA NAMNA YA KULALAMIKA

Kukosekana kwa mtandao katika msitu usiokaliwa na watu hakumfanyi mtoa huduma kuwa na kosa. Unaweza, hata hivyo, kulalamika endapo:

- ramani au tangazo la mtoa huduma linataja eneo hilo mahsusi kuwa na huduma, nawe umelithibitisha kuwa halina;
- umekatwa fedha kwa simu ambayo haikuunganishwa, au kwa simu ya 112;
- masharti ya kifurushi yaliyotekelezwa si yale uliyoelezwa uliponunua;
- umeuziwa redio, mkanda au kifaa cha setilaiti ambacho hakijaidhinishwa kutumika nchini, au ambacho hakifanyi kile ulichoambiwa.

Anza kwa mtoa huduma au muuzaji. Mpe tarehe, saa, namba za mahali, na picha ya kioo cha simu inapowezekana, kisha dai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Tunza risiti, bila risiti ni vigumu kuthibitisha nani alikuuzia nini. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, leta lalamiko kwa Mamlaka pamoja na namba hiyo ya kumbukumbu. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo lipo kwa ajili ya kusimamia maslahi ya watumiaji, na unaweza kulifikia kwa ushauri.

KABLA YA KUONDOKA, HAKIKISHENI

1. Laini za simu katika kundi ni za mitandao zaidi ya mmoja, na kila moja ina salio.
2. Ramani ya eneo imepakuliwa na imejaribiwa data ikiwa imezimwa.
3. Simu ya dharura imeteuliwa, imejaa chaji, na mbebaji wake anajulikana.
4. Kila mmoja anajua kusoma na kuandika namba za mahali, pamoja na alama ya kutoa.
5. Redio au mkanda wowote wa redio una idhini ya kutumika nchini.
6. Kibali cha hifadhi kimepatikana, na ruhusa ya mbwa imeulizwa waziwazi.
7. Mbwa ana chanjo, kamba, kengele, na kibati chenye namba ya mtu aliyebaki mjini.
8. Mtu huyo ana mpango wenu kwa maandishi, na anajua saa ya kupiga 112.